Napiga kinanda studio, nataka kuwa mtunzi: nianzie wapi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Temeke, kazi yangu ni kupiga kinanda studio. Nilijifunza kanisani kule Morogoro, kwaya ya vijana, nikaja Dar kumfuata binamu yangu aliyekuwa fundi mitambo kwenye studio moja ya Sinza. Nilianza kwa kukunja nyaya na kutumwa chipsi. Siku moja mpiga kinanda wao hakutokea, msanii yupo, saa zinahesabiwa, wakaniambia kaa hapo ujaribu. Tangu siku ile sijainuka. Sasa hivi naitwa na studio kadhaa: bongo fleva, injili nyingi sana, taarab, matangazo ya redio. Nalipwa kwa wimbo, mkono kwa mkono, natoka. Kuna siku nalipwa kwa neno moja tu, "tutaonana".

Shida yangu ni hii. Mwaka jana dada mmoja msanii, jina naliweka kapuni, alikuja na vesi mbili nzuri lakini hana kiitikio. Prodyuza akatoka kwenda kula. Mimi nikabaki nachezea kodi (sauti za kinanda zinazopigwa pamoja), nikawa naimba melodi kwa "la la la" juu yake. Yule dada akaidaka, akaipachika maneno palepale, tukarekodi kwenye simu tusije tukasahau. Prodyuza alivyorudi akapenda, akajenga biti. Halafu nikapiga na ile piano ya mwanzo ambayo siku hizi watu wanaipigia mluzi kwenye daladala. Wimbo ukatoka, redio zote zikaupiga. Chini ya video wameandika watunzi ni msanii na prodyuza. Mimi nilipewa elfu hamsini yangu ya kupiga, na hata jina la mpigaji halipo.

Nilipomuuliza prodyuza, alicheka. Akaniambia, "Dogo, wewe ni mpiga kinanda. Ungekuwa mtunzi ungekuwa na nyimbo."

Neno hilo limeniuma, Mjomba, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Simu yangu imejaa melodi, lakini nyimbo zilizokamilika ni chache mno. Maneno yananishinda. Nikiandika mwenyewe naona kama naandika barua ya kuomba kazi.

Sasa limekuja jingine. Msanii mwingine amesikia wimbo wangu mmoja, huo umekamilika kabisa, melodi na maneno, nilisaidiwa na rafiki yangu mwalimu wa sekondari. Anataka kuununua kwa laki tatu, lakini jina la mtunzi liwe lake peke yake na mimi nisimwambie mtu yeyote. Anataka jibu Ijumaa. Mchumba wangu anasema chukua, mahari bado hatujamaliza. Fundi mwenzangu anasema sio tu nisiuze, niache na studio kabisa, nikae nyumbani nitunge, maana nikiendelea kuwapigia watu wataniona wa kupiga tu hadi nizeeke.

Naomba unisaidie. Ule wimbo wa mwaka jana niudai? Huu niuuze? Na studio niache?

Mpiga Kinanda, Temeke

*

Marahaba, mpwa wangu.

Maswali yako nayajibu kwa kuanzia la mwisho, kwa sababu ndilo jepesi. Studio usiache. Huyo fundi mwenzako anakutakia mema, lakini anayekuambia uache kipato ukae nyumbani mara nyingi yeye mwenyewe ana kipato. Studio ndiko unakolipwa kuona nyimbo za watu zikijengwa na kubomolewa. Umeshuhudia kiitikio kikishushwa sauti kikapata nguvu, umeona vesi ya tatu ikikatwa na wimbo ukapumua, umeona msanii mwenye sauti nzuri akishindwa na wimbo mbaya. Mtunzi aliyejifungia chumbani elimu hiyo ataipata wapi? Tena watu wanaohitaji nyimbo wanapita mbele ya kinanda chako kwa miguu yao wenyewe.

Kuna mzee mmoja Mmarekani ambaye safari yake ningependa uijue, maana inafanana na yako kuliko unavyodhani. Anaitwa Dewey Lindon Oldham, ila dunia nzima ya muziki inamwita Spooner. Alizaliwa mwaka 1943 kwenye kijiji cha Center Star, jimbo la Alabama. Jina la utani lilitokana na ajali ya kijiko iliyomwondolea nuru ya jicho la kulia alipokuwa mtoto. Huyu si mtu wa kwenye mabango. Ukipita naye Kariakoo hakuna atakayegeuka. Lakini nyimbo alizopiga na alizotunga umezisikia, hata kama hujui.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Florence, juu ya duka la dawa, palikuwa na chumba kilichogeuzwa studio. Vijana waliopenda muziki wa soul walikusanyika pale kutunga na kurekodi demo, yaani rekodi za majaribio. Oldham alikuwa miongoni mwao, na Dan Penn pia, kijana mwimbaji aliyekuwa na kipaji cha maneno. Baadaye Rick Hall aliihamishia studio hiyo, FAME, ng'ambo ya mto katika mji wa Muscle Shoals. Katikati ya miaka ya 1960 wapigaji wake wa kwanza, akiwemo mpiga piano David Briggs, wakahamia Nashville kutafuta malipo mazuri zaidi. Kiti cha kinanda kikawa wazi, Oldham akakikalia. Unaona? Hata yeye kiti alikipata kwa sababu mwenzake hakuwepo.

Tofauti yenu ni moja, nayo ni kubwa. Oldham alipokikalia kiti hicho tayari alikuwa na mwenzake wa kutunga. Kazi ya mchana ilikuwa kupigia watu. Usiku, studio ikiwa tupu, yeye na Penn walikaa kwenye piano wakatafuta nyimbo zao wenyewe. Nyingi hazikwenda popote. "I'm Your Puppet" Penn aliurekodi kwanza mwenyewe, haukusikika. Mwaka 1966 mabinamu wawili waliojiita James na Bobby Purify wakauimba tena, ukapanda hadi nafasi ya 6 Marekani. Mpiga kinanda wa studio akawa mtunzi anayejulikana, na kesho yake asubuhi akarudi kwenye kiti chake kupigia watu.

Sasa nikupeleke kwenye kisa kinachogusa barua yako moja kwa moja. Januari 1967, prodyuza Jerry Wexler wa kampuni ya muziki ya Atlantic alimleta mwimbaji Aretha Franklin Muscle Shoals. Aretha alikuwa ametoka kampuni ya Columbia, alikokaa miaka mingi bila kupata wimbo mkubwa wa kumtosha. Wimbo wa kwanza kurekodi ulitungwa na mtu aitwaye Ronnie Shannon. Wapigaji wakakwama. Demo ilikuwa haijiongozi, hakuna aliyejua wauingie kwa mlango gani, na kila mmoja akawa anaangalia chombo chake. Ndipo Oldham, kwenye piano ya umeme aina ya Wurlitzer, akakipata kile kipande kinachofungua wimbo. Wenzake wakakidandia, Aretha akaingia, na haikuchukua muda wimbo ukawa umekamilika. Ndio uliokuwa wa kwanza wa Aretha kuingia kumi bora za Marekani.

Kwenye karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri, mtunzi ni Ronnie Shannon peke yake. Oldham alilipwa kama mpigaji.

Geuza santuri hiyohiyo upande wa pili. Hapo kuna wimbo mwingine wa Aretha, na mmoja wa watunzi wake wawili ni Dan Penn, rafiki yake Oldham. Wakati ule sheria ya Marekani iliweka senti 2 kwa kila wimbo kwa kila santuri iliyouzwa, zigawanywe kati ya mchapishaji (anayesimamia haki za wimbo) na watunzi, na upande wa pili ulilipwa sawasawa na ule wa kwanza. Yaani mteja aliyenunua santuri kwa ajili ya kipande cha Oldham alimlipa Penn bila kujua. Tena hadi leo redio za kawaida za Marekani zikipiga wimbo zinamlipa mtunzi. Mwimbaji na mpigaji hawapati hata ndururu. Aretha mwenyewe alikuwa katika mkumbo huo kwa kila wimbo ambao hakuutunga.

Je, Oldham alidhulumiwa? Mimi nasema hapana, na najua wapigaji wenzako watanisonya. Shannon alikuja na wimbo: maneno yapo, melodi ipo. Ukiondoa piano ya Oldham, ukachukua gita ukaimba, wimbo wa Shannon unabaki palepale, umepungukiwa utamu tu. Alichofanya Oldham ni kazi kubwa ya upigaji, kazi inayostahili malipo mazuri na jina kwenye jalada. Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, aliingizwa kwenye jumba la heshima la Rock and Roll kama mpigaji. Lakini ule wimbo hakuutunga.

Kipimo hichohicho kiweke kwenye wimbo wako wa mwaka jana. Ukiiondoa ile melodi uliyoimba kwa "la la la", kiitikio kinabaki na nini? Maneno ya kusoma. Kila mtu anayeimba kiitikio hicho bafuni anaimba sauti ulizozipanga wewe. Mpwa wangu, hapo ulitunga. Hukutunga wimbo wote, lakini ulitunga sehemu ambayo bila yenyewe wimbo haungekuwepo. Yule dada ana haki ya maneno na vesi, wewe una haki ya melodi ya kiitikio, na prodyuza aliyekuwa anakula wali wakati huo ana haki ya biti lake. Ni jambo la kukaa na kugawana.

Piano ya mwanzo ina utata kidogo. Huko Uingereza kuna kesi maarufu. Mwaka 1967 bendi ya Procol Harum ilitoa wimbo unaoanza kwa ogani, na melodi ya ogani ile ndiyo watu wanayoikumbuka kuliko hata maneno. Waliotajwa watunzi walikuwa Gary Brooker na Keith Reid. Mpiga ogani, Matthew Fisher, alinyamaza karibu miaka 38, akafungua kesi mwaka 2005. Mahakama ya kwanza ikamkubali kuwa mtunzi mwenza na kumpa asilimia 40 ya haki ya muziki. Rufaa ikasema ni kweli ni mtunzi mwenza, lakini amechelewa mno kudai pesa. Mwaka 2009 majaji wa Baraza la Malodi wakamrudishia fungu lake, ila alipwe kuanzia alipodai. Miaka ya nyuma ndiyo basi.

Huyo alikuwa na bahati. Johnnie Johnson, mpiga piano wa St. Louis aliyempa mwanamuziki Chuck Berry kazi kwenye bendi yake usiku wa Desemba 31, 1952, naye alikwenda mahakamani mwaka 2000. Alidai alishiriki kutunga nyimbo zaidi ya 50 zilizoandikwa jina la Berry peke yake. Mwaka 2002 kesi ikatupwa nje kwa sababu muda ulikuwa umepita sana. Mzee alishafikisha miaka 78. Hukumu ile haikusema alitunga wala hakutunga. Ilisema tu umechelewa.

Sheria za huko si zetu, usiende COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, ukawasomea hukumu ya London. Hapa tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotambua kwamba kazi moja inaweza kuwa na watunzi zaidi ya mmoja, na inatenganisha haki ya aliyetunga na haki ya aliyetumbuiza. Ninachotaka ukichukue kwenye kesi hizo ni saa ya kudai. Wimbo wako una mwaka mmoja tu. Dai sasa.

Namna ya kudai ina adabu yake. Usianze na prodyuza, na Mungu akuepushe usianze Instagram. Anza na yule dada, maana alikuwepo na anajua. Ile sauti mliyorekodi kwenye simu unayo? Itunze sehemu zaidi ya moja, usiibadilishe hata jina la faili, maana tarehe yake ndiyo shahidi wako. Mtafute ukiwa umetulia, umwambie, "Dada, wimbo umefika mbali, hongera. Melodi ya kiitikio tuliitoa pamoja, naomba jina langu liingie kwenye watunzi na tukubaliane asilimia za kuanzia sasa." Miezi iliyopita iachie. Najua inauma, lakini ukidai ya nyuma utapambana na pesa ambazo zimeshaliwa, na aliyekula atakuwa adui. Ukidai ya mbele unampa njia ya kukubali bila aibu. Wasanii wengi hawana ubaya kama tunavyodhani. Hakuna aliyewauliza, prodyuza akajaza majina anavyojua yeye, wimbo ukapanda mtandaoni. Piano ya mwanzo itumie kama nafasi ya kulegeza: omba utajwe kama mpigaji, using'ang'anie kwamba nayo ni utunzi. Akikataa kabisa hata kukusikiliza, hapo ndipo unachukua ushahidi wako kwenda COSOTA, au kwa wakili, kuuliza hatua inayofuata.

Na kuanzia leo, wimbo wowote utakaotia mdomo wako ndani yake, usitoke studio kabla majina hayajaandikwa. Haihitaji wakili. Kwenye kundi la WhatsApp la kazi hiyo andika: wimbo fulani, maneno ya fulani, melodi ya fulani na fulani, mgawo ni huu, majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Kila mmoja ajibu "sawa". Fanya hivyo wimbo ukiwa bado haujulikani utakuwa wapi, watu wakiwa na furaha ya kazi nzuri na njaa ya kwenda kula. Wimbo ukishakuwa mkubwa, kila mtu kumbukumbu yake inabadilika. Na kama ulipiga tu, sema ulipiga tu. Usijipachike utunzi kwa sababu uliweka kodi nne kila mtu anazozijua. Ukizoea hivyo hakuna atakayekupigia simu tena, na atakuwa na haki.

Sasa laki tatu.

Biashara ya kuuza nyimbo kimyakimya ipo, mimi sitajifanya siijui, na sitakuita mjinga ukifanya. Mtu mwenye njaa huuza. Ila angalia unachouza. Prodyuza alikuambia ungekuwa mtunzi ungekuwa na nyimbo. Una wimbo mmoja uliokamilika kabisa, na mtu anataka uutoe pamoja na jina na ulimi wako. Ukikubali, mwakani prodyuza yule ataendelea kusema kweli. Oldham aliwahi kupiga ogani kwenye wimbo ulioshika namba moja Marekani mwaka 1966, ulioimbwa na Percy Sledge, kijana aliyekuwa anafanya kazi hospitali. Sledge alisimulia mwenyewe kwamba ule wimbo ulikuwa wake, lakini haki ya utunzi aliwaachia wenzake wawili wa bendi, Calvin Lewis na Andrew Wright. Akauimba maisha yake yote mbele ya watu waliodhani ni wake, na mirabaha ya utunzi ikaenda kwa wengine. Alisema ulikuwa uamuzi mbaya kuliko yote aliyoyafanya kwenye muziki.

Halafu kuna jambo ambalo umelipita kama hukuliona. Huo wimbo ulisaidiwa na rafiki yako mwalimu. Maneno ni ya nani? Kama sehemu ni yake, huna mamlaka ya kuuza peke yako. Kabla ya kumjibu msanii, mpigie mwalimu leo, mkubaliane naye. Itakuwa kichekesho cha mwaka ukimfanyia mwalimu kile ambacho prodyuza amekufanyia wewe.

Na huyo mwalimu, mpwa wangu, ndiye habari njema kwenye barua yako yote. Unalalamika maneno yanakushinda. Yaache yakushinde! Nani alikuambia mtunzi lazima afanye vyote? Nenda Unguja kwenye vikundi vya taarab asilia, tangu Ikhwani Safaa ya mwaka 1905: mshairi anaandika shairi lake kwa vina na mizani, mwingine analitia muziki, mwingine analiimba, na wajuzi wanawataja wote watatu bila kugombana. Sisi tumekuja kuharibu hapa katikati, kila anayeimba akataka aitwe mtunzi hata kama alipewa karatasi mlangoni. Wewe umewahi kupiga taarab, umeona shairi zuri linavyobeba muziki. Reginald Dwight, kijana wa London aliyewahi kupiga piano kwenye baa na aliyekuwa akitafuta njia, aliitikia tangazo la kutafuta vipaji la kampuni ya muziki ya Liberty Records mwaka 1967. Usaili ulimshinda na akakiri hawezi kuandika maneno. Wakampa bahasha ya mashairi ya kijana mwingine, Bernie Taupin, aliyeitikia tangazo lilelile. Leo unamjua kwa jina la Elton John. Miaka ile ya mwanzo, kabla nyimbo zao hazijawaka, aliishi kwa kazi za studio, hata piano ya wimbo mkubwa wa kundi la The Hollies mwaka 1969 ni vidole vyake.

Kwa hiyo wewe na mwalimu wekeni siku. Sio "tukipata nafasi". Siku yenye jina, kama mazoezi ya kwaya. Yeye alete mistari, hata minne. Wewe ulete melodi kutoka kwenye simu yako, zile fupi zinazokurudia kichwani bila kuitwa. Msitafute wimbo mkubwa, tafuteni wimbo unaokwisha: vesi, kiitikio, vesi, kiitikio, basi. Mwombe yule binamu yako saa za usiku studio ikiwa haina mteja, mrekodi demo ya sauti na kinanda tu. Usiipambe. Demo yenye ngoma na vigelegele inamzuia msanii kujiona ndani ya wimbo, na tena inamfanya prodyuza adhani umekuja kumnyang'anya kazi.

Adha ya kukesha mkitafuta wimbo, Oldham na Penn waliifahamu. Mwishoni mwa 1967, wakiwa wamehamia Memphis, kundi la The Box Tops lilikuwa na wimbo uliovuma na lilihitaji mwingine wa kuufuata, haraka. Wawili hao wakakesha studio, hakuna kilichotoka cha maana. Alfajiri wakavuka barabara kwenda kula, wamechoka hoi, na mmoja akajilaza mezani akasema anajisikia kulia kama mtoto mchanga. Mwenzake akamwambia, hebu rudia. Wakarudi studio mbio. "Cry Like a Baby" ulifika nafasi ya 2 Marekani mwaka 1968. Watu husimulia kisa hicho kama cha bahati. Mimi naona watu wawili waliokuwa wamekaa pamoja usiku kucha, ndiyo maana neno lilipodondoka palikuwepo na wa kulidaka, na piano ya kulijaribia ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Oldham hakuacha kupigia watu hata baada ya hapo. Amewapigia Bob Dylan na Neil Young. Kwa hiyo hofu ya kuzeeka ukiwa "wa kupiga tu" iondoe kwa kutunga. Hutaiondoa kwa kuacha kupiga.

Mchumba wako mpe salamu zangu. Anachosema kina maana, mahari ni mahari, lakini hulipwa kwa awamu na wazee wanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Kama laki tatu inabana, pandisha kidogo bei yako ya studio, na komesha mara moja hiyo habari ya "tutaonana". Mpigaji anayeitwa kila mahali hapaswi kukopesha.

Ijumaa, ukishaongea na mwalimu na mkakubaliana, mjibu msanii hivi: "Wimbo nakupa uimbe wewe wa kwanza. Laki tatu naipokea kama malipo ya kutangulia, iwe yetu mimi na mwenzangu. Watunzi tuandikwe sisi wawili, na tunausajili COSOTA kabla hujarekodi. Ukibadilisha maneno au melodi ukaongeza yako, tutakuingiza kwa kiasi ulichoongeza." Akipenda wimbo kweli, atarudi na bei yake, nanyi mtajadiliana. Akisema jina lazima liwe lake peke yake, mwambie basi huo haupo sokoni, ila kama anahitaji mtu wa kumpigia kinanda kwenye wimbo mwingine, namba yako anayo na bei ni ileile mpya.

Mjomba